Kumwandalia mzee redio ya kadi asikilize muziki wake bila kumwita mtu

Mzee akilazimika kumwita mjukuu kila anapotaka wimbo, ile saa yake ya kukaa peke yake imeshavunjika. Kipimo cha kazi hii basi ni kimoja: awashe, aongeze sauti na azime mwenyewe, hata umeme ukikatika usiku.

Hatua ya 1: Redio. Tafuta ndogo yenye tundu la kadi ya kumbukumbu (memori kadi), betri inayotoka, na sauti inayopandishwa kwa kuzungusha. Redio nyingi za bei nafuu hubebesha kitufe kimoja kazi mbili: ukibonyeza na kuachia, wimbo unaruka, ukishikilia, sauti inapanda. Kidole kizito kinaruka wimbo kila mara, na mzee anadhani redio imeharibika.

Hatua ya 2: Nyimbo. Hesabu miaka aliyokuwa na umri wa 15 hadi 25, maana muziki wa ujana ndio unaokaa moyoni. Aliyezaliwa 1953 anarudi 1968 hadi 1978: mwanamuziki Mbaraka Mwinshehe akiwa bendi ya Morogoro Jazz na baadaye Super Volcano, au bendi ya NUTA Jazz, na kama ni mtu wa Unguja, vikundi vya taarabu vya Culture Musical Club na Ikhwani Safaa. Usimchagulie. Mwache aimbe mstari anaoukumbuka, nawe uutafute. Muulize pia wimbo asioutaka, kwa kuwa upo unaomrudisha kwenye msiba. Nyimbo arobaini zinatosha kuanzia. Ukimjazia mia sita, ule mmoja anaoupenda hataufikia.

Hatua ya 3: Kadi. Ya GB 8 inatosha kabisa. Ifomati, yaani uifute na kuipanga upya kwa kompyuta, kwa mfumo uitwao FAT32, la sivyo redio nyingi ndogo haziisomi. MP3 (faili la wimbo) ya ubora wa kbps 128 hula karibu MB 1 kwa dakika, kwa hiyo taarabu ya dakika kumi ni kama MB 10. Majina ya nyimbo yaanzie na 001, 002, 003, kisha uzikopi moja moja kwa mpangilio huo. Usizimwage zote kwa pamoja: redio nyingi hufuata wimbo ulioingia kwanza kwenye kadi, hazitazami jina. Zikichanganyika, fomati upya uanze tena. Sawazisha pia sauti kwa programu ya kompyuta, kwani wimbo uliotoka kwenye kaseti huwa chini. Ataongeza, na unaofuata utamshtua.

Hatua ya 4: Mahali. Hapa ndipo wengi hukosea. Sikio linalozeeka hupoteza kwanza sauti nyembamba, hivyo besi, yaani sauti nzito, inavuma na maneno yanapotea. Kuongeza sauti kunazidisha mvumo tu. Punguza besi, pandisha trebo (sauti nyembamba) kidogo, weka redio umbali usiozidi mita moja, usawa wa sikio, mbali na kona, maana kona hukuza besi. Anayevaa kifaa cha usikivu atumie hedifoni kubwa zinazofunika sikio zima. Kifaa kikipiga mluzi, zisogeze kidogo.

Hatua ya 5: Alama. Dondosha tone nene la rangi ya kucha juu ya kitufe cha kuwashia, liache likauke usiku kucha. Likikauka linakuwa kinundu ambacho kidole hukipata gizani. Vitufe asivyovihitaji vifunike kwa utepe.

Hatua ya 6: Betri. Chaji ya volti 5 inatosha, ila redio isichajiwe chini ya mto. Mfuniko ukianza kugoma kufunga, betri imevimba. Ibadilishe siku hiyohiyo.

Mwisho, mkabidhi na ukae pembeni, mikono magotini. Akikosea, usimpokonye, mwelekeze kwa maneno mpaka kidole chake chenyewe kikifikie kile kinundu. Wimbo ukianza, toka chumbani.