Kaa wa Mikoko Hupimwa Shimoni, Si Kwenye Mizani ya Mnunuzi

Kanuni za BMU, yaani vikundi vya wavuvi vya kusimamia fukwe, zinawaruhusu wavuvi wa Kenya kujitungia sheria ndogo, serikali ikiziidhinisha. Lakini sheria ya ukubwa wa kaa haimwokoi kaa ikiwa anakaguliwa mara ya kwanza akiwa amefungwa magando, kwenye mizani ya mnunuzi. Kosa hili linaendelea. Kikapu kinafika bandarini, wadogo wanakataliwa, wanatupwa majini mbele ya kamati ya BMU, na kila mtu anaamini sheria imefuatwa. Lakini kaa hao huenda wasipone.

Tazameni saa. Siku za bamvua, yaani maji yanapojaa na kutoka zaidi, maji ya pwani yetu hutoka kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi, na hapo ndipo mashimo ya kaa hufikika. Mpaka mvuvi afike bandarini, kaa amekaa juani saa nyingi. Kaa hustahimili nchi kavu mradi matamvua yake yawe na unyevu; yakikaushwa na jua na upepo, hata akirudishwa majini huenda amechelewa. Akivutwa kwa nguvu huliacha gando. Kisha anatupwa kwenye mchanga mtupu, pasipo shimo wala mizizi ya mikoko, samaki wakimsubiri.

Kwa hiyo: mtoe kaa, mpime papo hapo kabla ya kugusa kamba, na mdogo arudi kwenye shimo lile lile. Ndoano ya chuma itumie kumwelekeza atoke, usimchome nayo. Aliyetobolewa gamba au kiungo huvuja damu, na kumrudisha ni kujidanganya.

Sasa kipimo. Uzito si kipimo cha ukubwa. Dume ana magando mazito kuliko jike mwenye upana ule ule. Aliyepoteza gando hupungua ghafla. Aliyetoka kujivua gamba amejaa maji. Pimeni upana wa gamba, kutoka ncha ya mwiba wa tisa, yaani wa mwisho, upande mmoja hadi ncha ya mwenzake upande wa pili. Kwa mstari ulionyooka. Si kwa utepe unaofuata mgongo! Mgongo umebenuka, utepe unaongeza upana, na mtoto anageuka mkubwa.

Tuseme mmekubaliana sentimita 12. Kata pengo la sentimita 12 kamili katika kipande cha alumini. Kaa akipita katikati bila ncha zote mbili kugusa kingo kwa pamoja, ni mdogo. Msitumie mbao, kwani huvimba kwa maji ya chumvi na pengo hubadilika; plastiki ya mtungi hupindika. Afisa wa uvuvi akague kila kipimo kwa kalipa, kifaa cha kupimia upana kwa usahihi, akitie alama, na kila mvuvi aliye kwenye rejista ya BMU awe na chake. Kipimo kimoja kinachotunzwa ofisini ni pambo.

Jike mwenye mayai hapimwi. Mrudishe, hata awe mkubwa namna gani. Mayai huanza rangi ya chungwa kisha hugeuka meusi yakikaribia kuanguliwa. Na asikwanguliwe mayai ili auzwe. Hilo lipo, na kamati zinalijua.

Kisingizio kingine ni kizimba: "huyu tutamnenepesha." Kizimba cha kunenepesha ni cha kaa mkubwa aliye mwepesi baada ya kujivua gamba, ambaye hujaa kwa wiki chache. Mdogo anahitaji miezi, na wakiwekwa pamoja hulana.

Karani wa BMU naye asiandike kwenye daftari waliouzwa tu. Kila mvuvi ataje mambo matatu: saa alizokaa mikokoni, waliouzwa, na waliorudishwa shimoni. Bila safu ya mwisho, kamati na afisa wanapanga kwa kubahatisha kufunga eneo lisivuliwe: kaa wakipungua hamjui kama wadogo wapo na wanakua, au hawapo kabisa. Daftari lisomwe na kamati na afisa kila mwezi, kabla ya bamvua inayofuata.

Mkiona waliouzwa wanaongezeka kwa saa zile zile za kazi, na wadogo bado wapo, mambo yanakwenda.

Mnunuzi aingizwe kwenye makubaliano kwa maandishi: akipokea kaa chini ya kipimo, faini ni yake na ya mvuvi pia. Mkimwacha nje, wadogo watauzwa njiani kabla ya kufika kwa karani.