Somo: Kubadilisha Madirisha ya Paa Yaliyofungwa Vibaya Katika Jengo la Kale

Paa la jengo la kale lililokarabatiwa linapovuja kwenye dirisha lake, lawama hukiangukia kioo, ilhali mara nyingi kioo hakina kosa. Kosa huwa kwenye maungio kati ya fremu na vigae, pale ambapo fundi mwenye haraka alipaka silikoni au lami badala ya kukunja bati, na vitu hivyo hupasuka baada ya jua na baridi kuvichosha. Kwa sababu hiyo somo hili linashughulika na maungio kuliko dirisha lenyewe.

Hatua ya 1: Tafuta chanzo cha maji. Matone yakionekana asubuhi za baridi bila mvua kunyesha, huo ni mvuke wa ndani uliogusa kioo baridi na kugeuka maji. Mvua ikishukiwa, mwagia maji kwa mpira ukianzia chini ya dirisha, kisha ubavuni, na mwisho juu, huku mwenzako akiangalia ndani. Ukianzia juu, maji yatatiririka kote na hutajua yalipenya wapi.

Hatua ya 2: Pata kibali. Ikiwa jengo linalindwa kisheria, usiguse kigae kabla ya mamlaka ya urithi kuidhinisha michoro. Mkataba wa Venice wa 1964, ambao ni mwongozo wa kimataifa wa kuhifadhi majengo ya kale, katika kifungu cha 13, haukubali nyongeza zinazopunguza hadhi ya sehemu muhimu za jengo au kuvuruga uwiano wake. Ndiyo maana hupendelewa dirisha linalolala sawa na vigae kuliko lile linalochomoza.

Hatua ya 3: Fungua paa. Jukwaa, mkanda wa usalama na turubai viwe tayari kwanza. Vigae vivuliwe kuanzia juu, vitiwe alama na kuhifadhiwa, kwani kupata vingine vya rangi na umbo lile lile ni kazi ngumu. Rangi ya zamani huenda ina madini ya risasi. Usiipige msasa mkavu.

Hatua ya 4: Kagua mbao. Mara nyingi kombamoyo, yaani mbao ya mteremko inayobeba paa, limekatwa ili kupitisha dirisha bila kufungwa boriti za kupokea uzito wake juu na chini ya uwazi. Rekebisha hilo kwanza. Mbao ambazo unyevu wake unazidi asilimia 20 zimo hatarini kuoza, hivyo ziache zikauke na ubadilishe sehemu iliyooza tu.

Hatua ya 5: Funga dirisha na mabati yake. Hapa ndipo kazi inapofaulu au kuharibika. Anzia chini, ambapo bati hulala juu ya vigae. Ubavuni weka vipande vifupi, kimoja kwa kila mstari wa vigae, kila cha juu kikikilalia cha chini. Bati la kichwani huja mwisho, na ukingo wake wa juu huingia chini ya vigae vinavyofuata. Usipigilie kipande kimoja kwenye fremu na kwenye paa kwa pamoja, kwa kuwa viwili hivyo hutanuka na kusinyaa tofauti. Ukitumia bati la risasi, kipande kisizidi mita 1.5, la sivyo joto litalipasua. Na shaba isigusane na alumini wala bati la zinki, kwani maji ya mvua yatailisha kutu metali iliyo dhaifu zaidi.

Hatua ya 6: Malizia ndani. Ziba mianya kuzunguka fremu kwa kihami joto, kisha rudishia plasta ya chokaa ikiwa kuta ni za chokaa. Saruji hufungia unyevu ndani ya ukuta wa aina hiyo.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mwalimu, je, nikipaka silikoni mpya juu ya ile ya zamani, sitapata nafuu hadi msimu ujao?

Jibu: Unaweza kupata nafuu ya muda, lakini silikoni mpya haishiki vizuri juu ya ile iliyokauka, na inaweza kuyafungia maji yaliyokwisha kuingia, ambayo yatazidi kuozesha mbao. Turubai lililofungwa vizuri ni afadhali.

Swali: Paa letu karibu ni tambarare. Je, dirisha la kulala sawa na paa linafaa?

Jibu: Halifai. Jenga kitako cha mbao kinachoinuka angalau sentimita 15 juu ya uso wa paa uliokamilika, upandishe tabaka la kuzuia maji hadi juu ya kitako, ndipo ukalishe dirisha. Ikiwa kitako kitaonekana kutoka barabarani, jadilini jambo hilo na mamlaka mapema.

Swali: Tumeshabadilisha kila kitu kwa utaratibu huu, lakini kioo bado kinatoa jasho.

Jibu: Tazameni umbo la uwazi upande wa ndani. Uso wake wa chini ukishuka wima na wa juu ukienda mlalo, hewa ya joto hupita kwenye kioo na kukikausha. Uwazi ukiwa mwembamba kama bomba, hewa hutuama humo. Pia ondoeni mvuke wa jikoni na bafuni kabla haujapanda darini.