Altezza ya mtumba mjini Tabora: kabla hujafunga shokapu za mbio

Mimi nauza asali. Gari la kazi ni Kirikuu. Toyota Altezza ni ya roho yangu. RS200 ya mwaka 2001, gia sita za mkono, injini ya 3S-GE. Vijana wakiiona imeegeshwa sokoni huniuliza, "Mama, umeifanyia nini?" Jibu limenigharimu, wenzangu lichukueni bure.

Mwezi wa kwanza usinunue kitu chochote cha kunogesha. Zima redio, pita taratibu kwenye barabara ya vumbi, usikilize. Kila "ngo" chini ya miguu yako ni deni linalotangulia urembo. Kisha fundi apige jeki mbele na kuweka stendi, tairi lining'inie. Lishike mwenyewe ubavu wa kushoto na wa kulia, ulitikise: likicheza, mara nyingi tairodi, fimbo inayogeuza tairi, imechoka. Shika juu na chini, tikisa tena: likicheza hapo, tafuta boli jointi, kiungo kinachoshika tairi, au beringi. Bushi, mipira ya kwenye viungo, zikague kwa tochi, mpira uliochoka hupasuka kama kisigino cha kiangazi. Na Altezza ina amu, mkono wa chuma unaoshika tairi, ya juu na ya chini kwa kila tairi, mbele hadi nyuma, kwa hiyo bushi ni nyingi kuliko za gari la kawaida. Nilipobadilisha zilizokufa, ndipo nilipojua gari nililonunua linaendeshekaje.

Taimingi belti ya injini hii huwekewa kilomita 100,000. Ukimkuta muuzaji anayekuapia kwamba dashibodi inasema 78,000, mwitikie kwa heshima, halafu ukabadilishe belti pamoja na tenshena inayoikaza na wota pampu. Vyote viko sehemu moja, kwa nini ulipe ufundi mara mbili?

Matairi sasa. Ubavuni kuna maandishi ya DOT, na mwisho wake tarakimu nne. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Yangu yalisomeka 0812, na kashata, mikato ya usoni mwa tairi, zilikuwa nzuri kabisa, aliyeniuzia alizisifia. Lakini mpira ulikuwa umekauka, na mvua ya kwanza ya Novemba gari liliteleza kwenye mzunguko nikiwa mwendo wa kwenda kanisani.

Hapo ndipo nilipofanya badiliko ninalolitetea mbele ya yeyote: nilishuka saizi ya rimu, inchi 17 hadi 16. Altezza yangu ilikuja na 215/45R17. Hesabu yake ni rahisi: asilimia 45 ya upana wa milimita 215 ni kama milimita 97 za ubavu. Nimefunga 205/55R16, ubavu milimita 113. Kipenyo cha jumla hakijapishana hata sentimita moja, kwa hiyo spidomita haidanganyi, lakini nina milimita 16 zaidi za mpira kati ya rimu na shimo. Kabla ya kulipa, jaribisha rimu moja uhakikishe inapita kwenye kalipa ya breki. Vijana walicheka. Rimu zao zimepindwa na kunyooshwa, za kwangu hazijawahi.

Kosa langu ni shokapu za mbio, zile za kupandisha na kushusha kwa kuzungusha. Nililipa milioni moja na laki mbili. Fundi alizishika, akazigeuza, akasema, "Mama, hizi ni za uwanjani. Sisi tuna rasta."

"Zifunge tu, fundi."

Alizifunga. Nikashusha gari vidole viwili, likapendeza mno, nikaenda Nzega. Kwenye rasta meno yaligongana. Tuta la tatu likapiga sampu, bakuli la oili chini ya injini, nikarudi nyumbani na kuweka kitambaa chini ya gari kuangalia kama oili inadondoka. Springi ngumu hufaa lami iliyonyooka, ambako tairi linakaa chini muda wote. Kwenye lami yenye viraka tairi linarukaruka, na tairi lililo hewani halishiki kitu, halisimamishi kitu. Baada ya miezi minne nikarudisha shokapu za kawaida, mpya. Za mbio ziko stoo nyuma ya ndoo.

Kuhusu kuongeza nguvu, kumbuka mji wetu uko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, na injini isiyo na turbo hupoteza zaidi ya sehemu moja ya kumi ya nguvu zake. Zile nguvu farasi 210 za kwenye karatasi ya Japani, zilizopimwa gari likiwa jipya, hapa hazifiki. Chujio la hewa la wazi linaloahidi kuongeza farasi nne au tano, hutazihisi, ila vumbi la Agosti injini italihisi. Acha boksi la chujio la kiwandani, badilisha chujio mapema.

Kuchezea kontroli boksi, kompyuta ya injini, nimekataa. Magari haya yalipangwa kwa petroli ya Japani ya daraja la juu, ambayo huuzwa huko ikiwa na oktani karibu 100. Anayekuwahishia cheche za plagi bila kujua mafuta unayoweka anakukopea ugonjwa wa injini. Na mtaalamu wa kweli yuko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 800. Taa ya injini ikiwaka Ijumaa jioni huku Ipuli, utampigia simu, atakwambia, "Lilete."

Breki, toa pesa bila kujiuliza. Pedi nzuri, na mafuta ya breki ya DOT 4 yabadilishwe kila miaka miwili kwa sababu hunyonya maji taratibu, na maji yakichemka pedali huzama. Diski kubwa za rangi nyekundu hazihitajiki kwa safari ya Urambo.

Chochote utakachofunga, hifadhi cha zamani na risiti, na ukiwa na bima kubwa iambie kampuni. Dalali niliyemwita akadirie bei alifungua boneti, akainama chini, akatikisa kichwa: "Mama, hii imechezewa." Hakuongeza hata shilingi kwa ajili ya shokapu zangu. Alipunguza.

Ekzosi ya sauti nzito bado naitaka. Haina faida yoyote. Nikiipata nitaifunga, na baba watoto asiambiwe bei.