Kusomea Haki Jinai Katika Komyuniti Koleji ya Marekani: Mambo ya Kukagua Kabla ya Kujiandikisha

Digrii ya haki jinai (criminal justice) ya komyuniti koleji, yaani chuo cha miaka miwili, haikufanyi kuwa polisi. Chuo kinafundisha, leseni hutolewa na bodi ya jimbo, na ajira hutolewa na idara ya polisi, kaunti au gereza. Kila mmoja ana masharti yake, na mshauri wa masomo chuoni mara nyingi anayajua yale ya chuo tu. Ndiyo maana wapo wanaomaliza wakiwa na alama nzuri, kisha wanakwama kwenye uraia, kwenye kosa la zamani ambalo hawakulitaja, au kwenye chuo chenyewe kutotambuliwa na mwajiri. Amua kwanza unataka kazi gani, ilinganishe na hati yako ya uhamiaji, halafu ndipo utafute chuo.

Hati yako inakuruhusu kazi ipi

Kazi za ulinzi na upelelezi za serikali kuu, kama FBI, ulinzi wa mipaka na magereza ya shirikisho, zinataka raia. Mpelelezi wa FBI anatakiwa pia awe na shahada ya miaka minne na umri kati ya miaka 23 na 36, kwa hiyo komyuniti koleji ni nusu ya safari tu. Polisi wa miji na kaunti hufuata sheria ya jimbo. California iliondoa sharti la uraia kuanzia Januari 2023. Kinachotakiwa ni kibali halali cha kufanya kazi. Illinois ilifuata Januari 2024, ila huko lazima pia uwe mtu anayeruhusiwa na sheria ya shirikisho kumiliki silaha. Majimbo mengi bado yanadai uraia, kwa hiyo uliza bodi ya jimbo lako moja kwa moja, kwa maandishi, na uhifadhi jibu.

Mwenye grini kadi apige hesabu. Fomu ya uraia, N-400, hujazwa baada ya miaka 5 (miaka 3 kwa aliyefunga ndoa na raia na wanaishi pamoja), na inaweza kutumwa siku 90 kabla muda huo haujatimia. Tarehe ya grini kadi ya mkimbizi hurudishwa nyuma hadi siku aliyoingia Marekani. Aliyepewa hifadhi akiwa tayari ndani ya nchi hurudishiwa mwaka mmoja kutoka siku grini kadi ilipoidhinishwa. Maana yake, aliyeletwa kutoka kambi ya Nyarugusu au Kakuma kwa mpango wa wakimbizi, akianza chuo miaka mitatu baada ya kufika, anaweza kumaliza krediti zake 60 (vipimo vya masomo vya digrii ya miaka miwili) karibu na wakati wa kuomba uraia. Jiachie nafasi, kwa sababu kasi ya kushughulikia maombi hubadilika.

Mwanafunzi wa viza ya F-1 ana mtego wake. Lazima awe na krediti 12 kila muhula, na katika hizo ni somo moja tu la mtandaoni, lisilozidi krediti 3, linalohesabiwa. Masomo ya haki jinai mara nyingi hutolewa mtandaoni kwa sababu wanafunzi wake wengi ni watu walio kazini, na ukijaza ratiba bila kuangalia unapoteza hadhi yako ya viza. Msaada wa fedha wa shirikisho hupati, na baada ya kumaliza, kibali cha kazi ya mafunzo ni cha mwaka mmoja. Mwenye F-1 asiye na njia nyingine ya kubaki nchini afikirie mara mbili kabla ya kuchagua fani hii.

Chuo na aina ya digrii

Kagua ithibati (utambuzi rasmi wa chuo) kabla ya tangazo zuri. Mwaka 2012 mwanasheria mkuu wa Illinois alikishtaki Westwood College, chuo binafsi kinachoendeshwa kwa faida, kwa kuwaaminisha wanafunzi wa haki jinai kwamba wangeweza kuajiriwa na polisi wa jimbo au wa Chicago, ilhali idara hizo hazikuzitambua krediti zake kwa sababu hakikuwa na ithibati ya kikanda. Watu walibaki na mikopo mikubwa kwa digrii ambayo mwajiri waliyemlenga hakuitambua. Komyuniti koleji za umma kwa kawaida zina ithibati hiyo, na karo yake ni nafuu zaidi.

Kisha soma jina la digrii yenyewe. Ile inayoandikwa AAS imekusudiwa kukupeleka kazini, na ukihamia chuo kikuu krediti zake nyingi zinaweza kukataliwa. AA na AS kwa kawaida ndizo za kuhamia. California fani hii huitwa Administration of Justice, na digrii yake ya kuhamia, AS-T, inakuhakikishia nafasi katika mfumo wa California State University. Minnesota, ambako Waafrika Mashariki ni wengi, polisi anatakiwa kuwa na angalau digrii ya miaka miwili pamoja na mafunzo maalumu yaliyoidhinishwa na bodi ya POST, inayotoa leseni za polisi huko. Si kila programu ya haki jinai huko inayo mafunzo hayo. Uliza hivi: "Nikimaliza hapa, naruhusiwa kufanya mtihani wa leseni?" Jibu lisipokuwa "ndiyo" la moja kwa moja, tafuta kwingine.

Fedha

Kama si mwanafunzi wa F-1, jaza FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa fedha wa shirikisho, hata kama unadhani hustahili. Mwenye grini kadi anahesabiwa, na hakuna haja ya kusubiri uraia. Ruzuku ya Pell kwa mwaka wa masomo 2025–26 ni hadi dola 7,395, na hairudishwi, lakini kwa maisha yako yote unaipata kwa jumla ya mihula 12 tu ya masomo kamili. Hapo ndipo wengi wetu tunapoumia. Mtihani wa kupangwa madarasa ukifanywa bila maandalizi unakutupa kwenye Kiingereza na hesabu za chini, ambazo haziingii katika krediti 60 lakini zinaila ruzuku ileile. Jifunze wiki kadhaa kabla ya mtihani huo. Minnesota ina pia North Star Promise, inayolipia karo katika vyuo vya umma kwa kaya zenye kipato cha chini ya dola 80,000.

Ukiacha masomo yote kabla asilimia 60 ya muhula haijapita, sehemu ya ruzuku inarudishwa serikalini na chuo kinaweza kukudai tofauti. Ukipata zamu mpya kazini, mwone mshauri upunguze somo moja. Usitoweke kimyakimya.

Darasani

Utasoma sheria ya jinai, taratibu za kesi, upolisi, magereza na watoto wanaokinzana na sheria. Aliyekulia Kenya, Tanzania au Uganda atazitambua istilahi nyingi, maana asili yake ni Uingereza. Aliyesoma Congo au Burundi, penye asili ya sheria za Kibelgiji, ajipe muda zaidi. Mgeni kwa wote ni ule mgawanyo wa mji, kaunti, jimbo na shirikisho, pamoja na ukweli kwamba sherifu na mwendesha mashtaka wa kaunti mara nyingi huchaguliwa kwa kura. Kesi maarufu kuhusu haki za mtuhumiwa, Mapp (1961), Gideon (1963), Miranda (1966) na Terry (1968), zitarudi kila muhula. Kila moja iandikie ukurasa mmoja: nini kilitokea, swali lilikuwa lipi, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua nini, na kwa sababu gani.

Somo la kuandika ripoti ndilo linalowaangusha wasemaji wa Kiswahili wenye akili nzuri kabisa. Kwetu "alimpiga" haisemi kama ni mwanamume au mwanamke, na mkono unazoea kuchanganya *he* na *she*. Katika ripoti, kosa hilo linambadilisha mtuhumiwa kuwa mwathiriwa. La pili ni saa: shahidi akikuambia saa mbili usiku, andika 2000, si 0200, saa sita za makosa zinatosha kuharibu ushahidi. La tatu, andika ulichokiona. Badala ya "alikuwa amelewa", sema alinuka pombe, macho yalikuwa mekundu, aliyumba alipotembea.

Upekuzi

Huu ni uchunguzi wa maisha yako ya nyuma ambao mwajiri huufanya. Anza kuuandaa muhula wa kwanza. Orodhesha anwani na waajiri wa miaka 10, pamoja na nchi ulizoishi. Linganisha pasipoti, grini kadi, leseni ya udereva na vyeti vya shule: majina matatu yaliyopangwa tofauti, au tarehe ya Januari 1 iliyoandikwa kambini, yanahitaji maelezo ya maandishi mapema. Mwanamume aliyefika kama mhamiaji kabla ya kutimiza miaka 26 ahakikishe jina lake limo Selective Service, orodha ya wanaume wanaoweza kuitwa jeshini. Kwa kazi za shirikisho utaulizwa hata kuhusu mali nje ya nchi, kwa hiyo kiwanja cha Kigamboni au Kitengela kinatajwa.

Asiye raia asiguse bangi, hata mahali ambapo jimbo limeiruhusu. Sheria ya shirikisho bado inaikataza, na kukiri tu kwenye fomu ya polisi kunaweza kukuharibia uhamiaji. Vilevile, usijiandikishe kupiga kura unapochukua leseni ya udereva, hata karani akikuuliza.

Waliowahi kushtakiwa wajue kwamba kosa lililofutwa na jimbo bado linaweza kuhesabiwa na uhamiaji. Chukua nakala ya hukumu yenye muhuri kutoka kwa karani wa mahakama, umpelekee mwanasheria wa uhamiaji aisome kabla hujajaza fomu yoyote ya ajira au ya uraia.