Windows inapokosekana kwenye menyu ya GRUB

Anayesakinisha Linux kando ya Windows kwenye kompyuta moja anaweza kukuta kwamba menyu ya GRUB (programu inayowasha mfumo unaouchagua), inayojitokeza mashine inapowashwa, inaonyesha Linux peke yake. Mara nyingi Windows haijafutwa. Tangu toleo la 2.06, lililotoka mwaka 2021, GRUB huja ikiwa imezima os-prober, yaani programu ndogo inayotafuta mifumo mingine kwenye diski, na uamuzi huo ulifanywa kwa sababu za kiusalama.

Kwa watumiaji wa Ubuntu au Debian, fungua faili la /etc/default/grub kwa mamlaka ya msimamizi, weka mstari GRUB_DISABLE_OS_PROBER=false, kisha, baada ya kuhifadhi, endesha amri sudo update-grub na usome kwa makini yanayoandikwa kwenye skrini, kwa kuwa Windows Boot Manager ikitajwa humo, itaonekana kwenye menyu utakapowasha tena. Isipotajwa, hakikisha kwamba mifumo yote miwili imesakinishwa kwa UEFI, yaani programu ya ndani ya kompyuta inayoanzisha mashine na iliyochukua nafasi ya BIOS, maana GRUB iliyowashwa kwa UEFI haiwezi kuiwasha Windows iliyosakinishwa kwa BIOS ya zamani.

Nasisitiza jambo moja kwa wanaoanza usakinishaji: sehemu ya diski iitwayo EFI, ingawa ni ndogo, ndimo vinamokaa vipakiaji (programu zinazoianzisha) vya mifumo yote miwili, hivyo kamwe isifomatiwe. Na kama diski imefungwa kwa BitLocker, yaani usimbaji wa diski wa Windows, nakili kwanza ufunguo wa kurejesha nje ya kompyuta hiyo, kwani hata kuzima Secure Boot (ukaguzi wa usalama wa vipakiaji wakati wa kuwasha) tu kunaweza kuifanya Windows iudai.