Paka wa jirani kaumia na wenyewe hawana habari naye, ufanyeje

Umemuona yule paka wa nyumba ya tatu anachechemea, shavu limevimba, anakuja kulia kibarazani kwako na kwao wanampita tu. Wengi hapo tunaanza kuwachukia wenye paka. Weka hasira pembeni, anza na mgonjwa.

Kabla hujamgusa mwangalie kwa mbali. Paka aliyetulia anapumua kama mara 20 hadi 30 kwa dakika, mdomo umefungwa. Ukiona anahema mdomo wazi, au anaburuta miguu ya nyuma, au fizi zimekuwa nyeupe, au ni dume anachuchumaa kukojoa na mkojo hautoki, usingoje kesho, huyo ni wa daktari wa mifugo leoleo.

Kumshika sasa, usimkimbize, atapanda paa na hutamuona tena siku mbili. Mwekee dagaa wa kuchemsha, kaa chini kimya, akisogea mfunike na kanga nzito au taulo mwili mzima mpaka miguu, umbebe na kanga yake hivyohivyo. Tenga la kuku linatosha kabisa kumsafirishia, tandika gunia chini, funga juu na kitambaa kiza kiingie, maana paka akiwa gizani anatulia hata kwenye bajaji.

Na akikung'ata au kukukwaruza, acha kila kitu, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 nzima halafu nenda hospitali siku hiyohiyo uulizie chanjo ya kichaa cha mbwa. Jina linasema mbwa lakini paka pia anaambukiza, na dalili zikishaanza kwa mtu ni kifo. Kwa hiyo paka anayetokwa mate hovyo na kurukia watu bila sababu usimshike kabisa, muite afisa mifugo wa kata.

Vidonda vingi vya paka wa mtaani, hasa madume, vinatokana na kupigana. Jino la paka ni jembamba kama sindano, linaacha kitundu kidogo kinajifunga haraka, uchafu unabaki ndani, baada ya siku chache unaona uvimbe wa moto shavuni au kwenye shina la mkia, nywele zimegandana, harufu ya kuoza. Hilo ni jipu. Usilibinye. Likishapasuka lenyewe chemsha maji nusu lita, tia kijiko cha chai kimoja cha chumvi, yakipoa osha taratibu kwa kitambaa safi mara mbili kwa siku, ila bado anahitaji sindano ya daktari. Ukiona funza ndani usimwagie mafuta ya taa jamani, mpeleke.

Hapa ndo watu wanaua paka kwa nia njema: panado. Mwili wa paka hauwezi kuivunja vizuri, kidonge kimoja tu kinaweza kumuua, na diclofenac na ibuprofen nazo zinamuharibu figo. Dettol ni sumu kwake kwa sababu atajilamba, spiriti inachoma, oili chafu usiguse. Maziwa mengi yatamuharisha, makombo ya mchuzi wenye vitunguu yanamharibia damu, mpe samaki wa kuchemsha bila chumvi na maji safi.

Sasa wenyewe. Kwetu paka wengi wanafugwa wale panya, mtu anaona kumlisha ni kumdekeza, na wengi hawajui kama daktari wa mifugo anatibu paka, wanajua ni wa ng'ombe na kuku. Kwa hiyo nenda jioni watu wametulia, salimia vizuri, "Shikamoo mama, yule paka wenu wa madoa ana kidonda kinatoa usaha, naomba ruhusa nimpeleke akatibiwe." Usiseme mmemtelekeza. Mara nyingi utaambiwa mchukue tu mwanangu, na wengine wanachangia. Omba ruhusa hata kama una uhakika watakubali, ana mwenyewe huyo, ukimbeba kimyakimya unaanzisha kesi ya wizi. Wakikataa na paka anaoza, piga picha zenye tarehe, pitia kwa mjumbe au mwenyekiti wa mtaa uende naye kwa afisa mifugo, maana Tanzania kuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008 na kumuacha mnyama ateseke ni kosa. Walioko Nairobi wana KSPCA, shirika la kutetea na kutunza wanyama.

Hela ikiwa ndogo anza kwenye duka la dawa za mifugo la karibu, uliza nani anatibu paka na bei gani kabla hujambeba, na changisheni majirani wawili watatu.

Akipona ongea na wenyewe ahasiwe, dume aliyehasiwa hapigani sana, na achanjwe kichaa. Maeneo mengi chanjo hutolewa bure karibu na tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, waulize kama utampeleka wewe.