Jinsi ya kulifuatilia neno la Kiingereza lililohama maana

Zaburi 119, mstari wa 147, katika Biblia ya Kiingereza ya 1611: "I prevented the dawning of the morning." Ukisoma kwa Kiingereza cha leo, mtunzi alizuia kusipambazuke. Kumbe alichofanya ni kuamka kabla ya alfajiri. Mtafsiri wa maandishi ya kale haponzwi sana na neno gumu, maana hilo atalitafuta. Huponzwa na neno analolijua.

1. Pata mwaka wa maandishi. Mwaka yalipoandikwa, si mwaka wa nakala uliyoshika. Uandike juu ya karatasi yako, kwani kila maana utakayoikuta utaipima nao.

2. Tia mstari chini ya maneno mepesi yanayokaa vibaya. Sentensi ikichekesha mahali ambapo mwandishi hakutania, simama hapo. Mwanzo 1:29, Mungu anawapa watu mimea na matunda "for meat". Nyama ya matunda? Hapana: "meat" zamani ilikuwa chakula chochote.

3. Fungua kamusi ya kihistoria. Kamusi ya wanafunzi huanza na maana ya leo na mara nyingi huishia hapo. Oxford English Dictionary, iliyoanza kutoka vipande vipande 1884 na kukamilika 1928, hupanga maana kuanzia kongwe, kila moja na nukuu zenye mwaka. Ni ya kulipia, kwa hiyo ulizia maktaba ya chuo. Collegiate ya Merriam-Webster, ile ya kitabu, nayo hufuata mpangilio wa umri, na hapo wengi hunaswa: wanachukua maana namba moja wakidhani ndiyo inayotumika zaidi.

Kwenye "prevent" utakuta Kilatini, *prae* kabla na *venire* kuja. Anayekutangulia mlangoni anaweza kukuzibia njia. Ndivyo kutangulia kulivyogeuka kuzuia. Lakini usiuabudu mzizi. "Nice" inatokana na neno la Kilatini la mtu asiyejua kitu, ila barua ya 1950 ikimwita mtu "nice" haimtukani.

4. Soma lebo ambazo kamusi huweka kando ya maana. "Obsolete" ni maana iliyokufa, na Oxford huitia alama ya †. "Archaic" bado huonekana, lakini mtu huitumia makusudi ili asikike wa kale. "Dated" wazee bado wanayo. "Historical" ndiyo inayochanganya: neno halijazeeka, kilichopita ni kitu chenyewe. "Groat" ni sarafu ya zamani ya Uingereza, na hata leo ukitaka kuitaja utasema "groat".

Tofauti hizi zinabadilisha tafsiri. Maana ya mwaka 1611 iliyokwisha kufa leo ilikuwa lugha ya kawaida wakati huo, basi itafsiri kwa Kiswahili cha kawaida. Mwandishi wa karne ya 20 aliyechagua neno "archaic" alitaka harufu ya ukale. Huyo mpe Kiswahili chenye harufu hiyo.

5. Hakikisha ni neno moja. Mtego huu ndio ninaoupenda kuliko yote. "Let" ya leo ni kuruhusu, lakini 2 Wathesalonike 2:7 inasema "he who now letteth will let", na Biblia ya Kiswahili ya 1952 imeandika "azuiaye". Hapa maana haikugeuka hata kidogo. Kiingereza cha kale kilikuwa na vitenzi viwili, *lǣtan* kuruhusu na *lettan* kuzuia, vikaja kufanana sura. Cha kuzuia kimebaki katika misemo michache, kama "without let or hindrance" ya pasi ya Uingereza.

6. Tambua mwelekeo. "Meat" imebana. "Bird" imepanuka, kutoka kinda hadi ndege yeyote. "Silly" imeshuka kutoka heri hadi upumbavu. Majina ya mwelekeo hayatafsiri kitu, ila yanakusaidia kukisia kabla ya kufungua kamusi.

7. Irudishe maana kwenye sentensi, kisha ijaribu kwenye sentensi nyingine mbili tatu za mwandishi yuleyule. Ukitumia Ngram Viewer ya Google, inayochora neno lilivyopanda na kushuka vitabuni mwaka hadi mwaka, kuwa macho na vitabu vya kabla ya 1800: s yao ndefu, ſ, kompyuta huweza kuisoma kama f. "Silly" inageuka "filly", farasi jike mchanga. Fungua picha ya ukurasa wenyewe kabla ya kuuamini mchoro.